Chai Iliyopoa

Mchagua nyimbo wa redio husikiliza akiwa amefumba macho, kidole gumba kikipapasa ukingo wa meza kama kinatafuta mshono. Mama anayepiga deki na kupeleka chai ofisini humo humtazama kila asubuhi, na bado hajamaliza kustaajabu. Mawakala wa kampuni za muziki huja na bahasha nono. "Bosi, chai kidogo tu, wimbo wetu upigwe." Naye huirudisha kwa kidole kimoja: "Chai nimeshakunywa, ndugu yangu. Shahidi mama huyu hapa."

Siku moja mama aliweka kikombe mezani pamoja na flashi yenye wimbo wa binti yake. Mchagua nyimbo akakisukuma kikombe kando kwa kidole kilekile. Mama akahisi moyo umeshuka hadi kwenye kandambili.

"Wa mwanao?"

"Wa mwanangu, baba."

Mchagua nyimbo akaichomeka flashi, akafumba macho. Katikati ya wimbo kidole gumba kikatulia tuli, jambo ambalo mama hakuwahi kuliona.

"Utapigwa saa nne," akasema. Ndipo akakivuta kikombe, akainywa chai yote, ikiwa imepoa hivyo hivyo. "Ningeanza na hii, mama, wangesema na wewe umenipa chai."