Uso wa Kuazima

Mke wa mwanangu kazi yake ni kununua watu. Usishtuke. Jirani mmoja aliniuliza, "Mkweo anafanya kazi gani?" nikamjibu hivyo hivyo, akaingia kwake akatia komeo. Ananunua picha za watu, huko kwenye mtandao, kwa ajili ya jarida moja la afya na tovuti za wenye zahanati na maduka. Mwandishi akiandika habari za mgongo, Mkwe anatafuta mtu aliyeshika mgongo. Akiandika habari za mafua, anatafuta mtu anayepenga kamasi. Anaketi pale kwenye meza niliyokuwa napigia pasi, kompyuta mbele yake, watu wanapita kwenye kioo mmoja mmoja kama wanakaguliwa.

Ni binti mpole. Ukimkanyaga, atakuomba radhi kwa kuweka mguu wake chini ya wako. Mwanangu ni dereva wa lori na siku zote yuko njiani, kwa hiyo nyumba ni yangu mimi na Mkwe, na kabla hajaja ilikuwa yangu mimi.

Mimi darasani sikukaa sana. Herufi tunajuana, ila tukikutana tunasalimiana polepole. Lakini sura! Sura nikiiona mara moja haipotei. Basi nikawa naketi karibu na Mkwe nitazame bidhaa.

"Huyu anacheka nini?" nikamuuliza siku moja. Mwanamke kijana, ameketi peke yake, ameshika bakuli la majani mabichi, anacheka mpaka koo linaonekana.

"Huyo ni wa makala ya lishe, Mama."

"Sijauliza ni wa nini. Nimeuliza anacheka nini. Majani yamemwambia nini?"

"Anafurahia chakula, Mama."

"Mimi nakula majani tangu sijaota meno. Hayajanichekesha hata siku moja."

Akanionyesha mwingine, na mwingine. Chungu nzima! Kila mmoja na bakuli lake, kila mmoja peke yake, wanacheka. Nikajua hapa kuna jambo tunafichwa.

Kitu kingine kilichonikera ni uchafu. Kila uso ulikuwa na maandishi ya kijivu yamekatiza kutoka sikio hadi sikio. Mkwe alipotoka kuanua nguo, nikalowesha kitambaa cha jikoni nikasugua kioo, na vile vitufe nikavisugua vyote, kwa nguvu, maana mimi kitu nikisafisha nasafisha. Aliporudi akakuta mbuzi amenunuliwa. Picha ya mbuzi amevaa miwani. Mpaka leo katika nyumba hii wanasema nilinunua mbuzi. Sikununua mbuzi. Mimi nilisafisha, kompyuta ndiyo iliyonunua.

"Yale maandishi si uchafu, Mama," Mkwe akanieleza kwa upole wake. "Ni kama kufuli. Ukilipa ndipo wanayaondoa."

"Na ukishalipa, picha ni yako?"

"Hapana, inabaki yao. Unanunua ruhusa ya kuitumia."

"Akija mwingine?"

"Naye anauziwa ruhusa hiyo hiyo."

Nikavua miwani nikamtazama vizuri. "Yaani kama kuazima sufuria?"

"Kama hivyo, Mama."

"Basi hiyo sufuria ni ya ajabu. Mimi nikiazima sufuria ya mtu, yeye hapiki mpaka nimrudishie. Hii inapika kwa majirani wote siku moja? Utakuja kunikumbuka, mwanangu. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, sembuse uso."

"Sawa, Mama," akasema. Ile sawa ya watu wapole, ambayo maana yake ni hapana.

Haukupita muda. Jarida likatoka, na kwenye jalada Mkwe alikuwa amemweka bibi mmoja wa kununuliwa, kitambaa cha manjano kichwani, anacheka, pengo limekaa katikati kama mlango ulioachwa wazi. Juu yake wameandika MIAKA TELE, AFYA TELE. Mkwe alilibandika jalada hilo ukutani, na wiki nzima alitembea kifua mbele.

Siku moja natoka kununua sabuni, nafika njia panda, naona bango jipya. Bibi yule yule. Kitambaa kile kile, pengo lile lile. Nyuma yake majeneza matatu yenye vishikio vya kung'aa. Nikasoma neno moja moja: TUTAKUSINDIKIZA KWA HESHIMA.

Sikufurahi, Mungu anajua. Ila nilirudi nyumbani kwa mwendo ambao magoti yangu yalikuwa yameshausahau.

"Mkwe! Yule bibi yako wa afya tele!"

"Amefanya nini, Mama?"

"Amefariki."

Jioni Mhariri akapiga simu. Huyo ndiye mkubwa wa jarida, na sauti yake haihitaji simu. Nilikuwa jikoni nikayasikia yote.

"Wasomaji wananipa pole! Kuna mtu ameuliza mazishi ni lini! Sasa sikiliza. Jalada lijalo ni la wazee tena, nimeshalitangaza. Nataka bibi anayecheka, na awe bibi ambaye hajaonekana popote, hata kwenye kalenda ya duka. Ijumaa, saa sita mchana. Ukishindwa, kazi ya picha namkabidhi mpwa wangu. Ana kamera na hana la kufanya."

Mkwe akaanza kutafuta. Mabibi wanaolia walikuwepo, tena wengi. Mabibi walioegemea fimbo wakitazama mbali, kana kwamba wanangoja mtu awaletee mbuzi wao, walijaa tele. Wanaocheka walikuwa wachache, na hao wote walishaajiriwa. Mmoja anauza dawa ya minyoo, mwingine anauza magodoro, wa tatu yuko benki. Usiku wa kuamkia Ijumaa nikamwona Mkwe machozi yanadondokea vitufe. Nikaogopa. Hapa tutapata mbuzi wa pili.

"Mkwe, bibi unamtafuta wapi?"

"Kwenye maduka yote ya picha, Mama."

"Na huyu aliyeketi hapa ni kabati?"

Akafuta macho. Akanitazama. "Mama, usinielewe vibaya. Wanataka anayecheka."

Hapo alisema kweli. Mimi sikichekei chombo cha kupigia picha. Picha ya harusi yangu, mgeni akiiona anauliza marehemu alikuwa nani. Ya kitambulisho, afisa alinikabidhi kwa mikono miwili, kama anayenipa pole. Lakini mtu akiniambia siwezi jambo, hata kama jambo lenyewe silitaki, lazima nilifanye.

Asubuhi nikavaa gauni langu la bluu, nikaketi karibu na dirisha, kikombe cha chai mkononi. Majani nilikataa. Mkwe akashika simu yake.

"Sema 'asali', Mama."

"Asali."

Akanionyesha. Nilikuwa kama mtu anayedungwa sindano. Akajaribu kunichekesha kwa kisa cha dereva aliyepoteza lori akiwa amelikalia. Nikamuuliza mzigo ulikuwa wa nani, na kama mwenyewe alilipwa. Akasema ni mzaha tu. Nikamwambia mwenye mzigo asingeuona mzaha. Saa nne ikapita. Saa tano ikaingia.

Hapo mlango ukasukumwa bila hodi. Ni Fundi wa cherehani wa mlango wa pili, shoga yangu wa miaka mingi na hasimu wangu wa miaka hiyo hiyo. Alikuwa ameshapaka wanja.

"Nasikia mnatafuta bibi anayecheka, mkamweka huyu? Si mngepiga picha ukuta tu!"

"Ukuta wangu umenyooka kuliko mishono yako," nikamjibu.

"Sogea, bibi wee. Kucheka ndiyo kazi niliyozaliwa nayo."

"Mama zangu, jamani, saa inakwenda," Mkwe akasema kwa sauti ndogo.

Nani alimsikia? Fundi akajibana kwenye mkono wa kiti changu, akanisukuma kwa kiwiko, nami nikamsukuma. Mkwe akainua simu, nadhani kwa kukata tamaa.

"Tazama, ujifunze!" Fundi akanipigia kelele sikioni. "Hivi ndivyo watu wanavyocheka!"

Akaachama. Ha! ha! Ile ha ya tatu haikutoka peke yake. Ilitoka na meno. Safu nzima ya juu, na ufizi wake wa bandia, iliruka, ikapinda hewani kwa adabu, ikatua kwenye kikombe changu. Chubwi!

Nikachungulia ndani. Meno yakanitazama kutoka kwenye chai, yamekenua. Nimeishi miaka yote hii sijawahi kuchekewa na chai.

"Foga," Fundi akasema, mdomo umebonyea kama mfuko mtupu. "Ufifeme neno."

Kusema ningesema vipi? Nilipasuka. Nilicheka kwa sauti ambayo sikujua ninayo, machozi, makamasi, mabega, kila kitu. Mkwe naye yuko chini sakafuni anacheka, ila kidole chake hakikuacha kubonyeza simu. Na katikati ya kucheka kule ndipo nikapata jibu la yule mwanamke na bakuli lake la majani. Kumbe! Mle ndani mlikuwa na meno ya mtu.

Picha ikapatikana. Ikabaki karatasi, maana mwenye uso lazima atie sahihi kwamba ameridhia. Saa sita kasorobo.

"Nisomee," nikamwambia Mkwe. "Yote."

Akasoma mbio mbio. Alipofika "kwa matumizi yoyote", nikainua mkono.

"Futa hapo."

"Mama, karatasi zote zinaandikwa hivi."

"Futa. Jeneza hapana. Godoro hapana. Jarida hili, jalada hili, mara moja. Mimi si sufuria ya mtaa."

Simu ikalia. Ni Mhariri. Mkwe akaitazama simu, akanitazama mimi, akaitazama tena simu. Kisha akachukua kalamu akafuta pale niliposema, akaandika nilivyosema, ndipo akapokea.

"Subiri," akamwambia Mhariri. Yule binti mpole! "Mama bado anasoma."

Na kweli nilikuwa nasoma. Nilisoma mpaka mwisho, nikatia sahihi herufi moja baada ya nyingine, bila haraka, na Mhariri akasubiri kama watu wengine wanavyosubiri. Picha ikaondoka kabla saa ya ukutani haijagonga.

Jarida lilikwisha madukani. Kazi ya picha imebaki kwa Mkwe, na yule mpwa nasikia bado ana kamera. Jalada la kwanza likabanduliwa ukutani, likabandikwa langu. Kisha kampuni moja ya majani ya chai ikaandika kwamba inataka kununua ruhusa ya picha, kwa sababu haijapata kuona mtu anayefurahia chai namna ile. Mkwe hata hakuniuliza. Alijibu mwenyewe, akanisomea jibu baada ya kulituma: "Mama haazimwi."

Sasa Fundi. Ukilitazama jalada vizuri, pembeni kabisa, chini ya bega langu, kuna kiwiko. Hicho kiwiko amekizungushia kalamu nyekundu, akakibandika kibandani kwake juu ya cherehani, na kila mteja anayekuja kupimwa lazima akione kwanza. "Bila hiki," anawaambia, "yule asingecheka." Wanamuuliza kilichotuchekesha ni nini. Anasema chai.

Mimi nimenyamaza muda wote huo, ingawa kunyamaza si tabia yangu. Juzi amenipa ruhusa niandike habari za meno. Kwa matumizi haya tu, mara moja, na kwa sharti niseme wazi kwamba kiwiko ni chake.

Ni chake.