Vali Nane za Gari la Mwalimu

Vita vilipoingia karakana ya baba pale Kismayu, viliingia na harufu ya maziwa yaliyooza. Gari lilikuja likigongagonga hadi mlangoni, madirisha yamefungwa, na vijana wanne wenye bunduki walipofungua milango nzi walimwagika nje pamoja nao. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nililijua lile gari kabla sijawatazama waliolileta: gari la Kitaliano la zamani, rangi ya krimu, la jirani yetu Mwalimu Famau, ambaye siku tatu kabla alikuwa amempakia mkewe na mtoto wao mchanga akatoroka mji. Sasa viti vyake vilikuwa vimeganda mafuta ya nyama ya mbuzi, na sakafuni yalitapakaa makapi ya mirungi, kijani kibichi, yaliyotafunwa yakatemwa. Niliambiwa nilisafishe kwanza. Chini ya kiti cha nyuma mkono wangu ulishika chupa ya mtoto. Maziwa yalikuwa yamejitenga, mabonge juu na maji ya manjano chini. Nilitoka nje nikatapika ukutani, na wale vijana wakacheka.

Mkubwa wao alikuwa mtu mnene mwenye pete tatu. Alikaa kwenye kiti cha baba, akatema mirungi juu ya kitambaa safi ambacho baba hupangia vyombo vyake, akasema anataka kelele za injini zikome kabla ya alasiri. Baba, ambaye mji mzima ulimwita Fundi Shee, alikitazama kile kitambaa kwa muda, kisha akakikunja akakiweka kando. Mwenye nguvu mpishe. Juma lililotangulia baba alikuwa amepigwa kitako cha bunduki kwenye kizuizi cha barabarani, na mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba hata vidole havikunjiki. Tangu shule ifungwe nilikuwa nikishinda naye karakanani, nikijifunza. Kwa hiyo kazi ikawa yangu.

Kwanza alinizuia nisiguse kitu mpaka injini ipoe kabisa, kwani chuma cha moto hutanuka na kipimo chake ni cha uongo. Wale watu wakatafuna wakisubiri. Kisha nilifungua kifuniko cha juu, na vali nane, milango midogo ya kuingiza hewa na kutoa moshi, zikaonekana zimejipanga, kila moja na mkono wake mdogo wa chuma wa kuisukuma. Baba aliizungusha injini kwa mkono wake wa kushoto mpaka pistoni ya kwanza ikafika juu na vali zake mbili zikafunga. Mimi nikaingiza kibati cha kupimia kati ya ule mkono na ncha ya vali. Kibati chenyewe ni chembamba kama karatasi. Kinatakiwa kipite kwa kukwaruza kidogo, kisilegee wala kisikwame. Unalegeza nati, unageuza skrubu kwa bisibisi, unaishika skrubu isisogee huku unakaza nati, halafu unapima tena, maana kukaza nako husogeza. Vali ya kutoa moshi huachiwa nafasi kubwa kuliko ile ya kuingiza hewa, kwa sababu hupata moto zaidi. Nilifanya zote nane. Mikono ilinuka maziwa yale yale, na bado, naona haya kusema, nilifurahi kila kibati kilipopita vizuri.

Injini ilipowashwa ulisikika mlio mdogo tu, kama wa cherehani chumba cha pili. Yule mtu akasema bado anausikia. Baba alimweleza kwa Kisomali, kwa upole, kwamba mlio ule ndio afya ya injini. Vali isiyoachiwa nafasi haifungi sawasawa, hunyamaza, kisha huungua. Mtu yule aliinuka, akaweka mtutu juu ya mkono uliovimba wa baba, akaukandamiza taratibu huku akitafuna. Baba alikunja uso, jasho likamtoka.

"Bana zote, Amina," aliniambia. "Usiache hata nafasi ya unywele."

Nilizibana. Gari likaondoka kimya, mwendo mzuri, likituachia nzi wake.

Nyumbani mama alimkanda baba mkono kwa maji ya chumvi. "Yule si mchu," alisema, kwa Kibajuni chetu, akimaanisha kwamba hakumhesabu kuwa binadamu. Baba alituambia kwamba vali zile zitaungua baada ya siku tatu au nne, na kwamba yule mtu atarudi. Akufukuzaye hakwambii toka. Asubuhi ya pili, baada ya sala ya alfajiri, tulipanda mashua ya mjomba kwenda kisiwa cha Chula. Huko tulimkuta Mwalimu na mkewe. Walishushwa garini njiani, wakatembea hadi Burgao, pwani ya kusini, wakavushwa kwa mashua. Mtoto alikuwa hai, ananyonya. Nilidhani mambo yamekwisha salama.

Baada ya majuma mawili alikuja mwanamke kutoka Kismayu na habari. Gari lilikufa siku ya nne. Walirudi, wakakuta karakana yetu imefungwa, wakaenda kwa fundi mwingine, Lali, mzee mpole aliyekuwa akituazima spana. Walimwambia alitengeneze. Lali alifungua, akaona, akasema vali zimeungua na hana nyingine. Wakamvunja vidole vyote vya mkono wa kulia, kimoja kimoja, juu ya meza yake. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba alimfikiria yule mtu, na alitufikiria sisi, lakini hakumfikiria Lali hata mara moja. Mimi sikuwa nimemfikiria pia, na bisibisi nilikuwa nayo mimi.

Leo tunaishi Mombasa. Baba amekwisha kufariki. Mpwa wangu ni fundi, na magari anayotengeneza hujipima vali yenyewe. Yeye huchomeka waya akasoma kwenye kioo. Tukikusanyika kwa harusi au Idi, jamaa hupenda kuhadithia jinsi Fundi Shee na binti yake walivyomkomoa mtu mwenye bunduki. Aisifuye mvua imemnyea, lakini hawa huisifu wakiwa wakavu, mikono imo kwenye pilau, na kila mwaka yule mtu huwa mjinga zaidi na mimi huwa shujaa zaidi. Huwa nawaacha wamalize, kisha nasimulia habari za Lali na vidole vyake. Wanatazama sinia, halafu mmoja wao huomba apitishiwe kachumbari.