Sabuni ya Nairobi

Kila nikichana karatasi ya sabuni mpya, narudi kwenye basi la shule lililotutoa Tororo kwenda kutembezwa Nairobi. Kwetu, ng'ambo ya mpaka, chini ya utawala wa wanajeshi, sabuni ilikuwa imepotea madukani, tukifua kwa majivu ya maganda ya ndizi. Kule ilipangwa dirishani kama mikate. Tuliyaacha maghorofa, tukabandika pua kwenye kioo.

Mwalimu wetu, ambaye alikuwa jirani yetu, alinivuta kando akanitia mfukoni sabuni moja ya kuogea. "Mpe mama yangu," akaninong'oneza. Kisha akawaambia wenzangu, "Ningojeni hapa, nakwenda kununua sabuni."

Nilichanganyikiwa. Si ameshanunua?

Tulingoja mpaka dereva akachoka, tukaondoka bila yeye. Mpakani Malaba askari wa kwetu alipanda basini na bunduki yake. "Mwalimu yenu iko wapi?"

"Amekwenda kununua sabuni!" tukaitikia sote, kama darasani.

Askari akacheka. "Akuje na yangu pia," akasema, akashuka. Mimi niliubana mfuko kwa kiganja, harufu isije ikanisema.

Mama yake mwalimu aliipokea sabuni kwa mikono miwili, akainusa, akaketi palepale mlangoni.

"Alisema atarudi lini, mwanangu?"

"Hakusema, mama. Amekwenda kununua sabuni."

"Na hii?"

Akaifunga kwenye pindo la leso yake. Tangu siku hiyo, kila nilipopita kwao, nilimkuta akifua kwa majivu, na leso inanukia.