Mwanya Nyuma ya Nyumba

Wiki iliyopita upepo wa asubuhi uliniletea harufu ya magome mabichi ya mkoko na matope yaliyofukuliwa. Jirani yangu mpya anajenga, na mafundi wake wameanza kufyeka pwani hadi majini. Nilifunga dirisha, lakini harufu ilikuwa imeshaingia, na pamoja nayo ule mwaka nilipokuwa na miaka tisa.

Mama alikuwa amefariki nyumbani kwetu, mtaa wa Kibokoni mjini. Baba hakuweza tena kuishi katika nyumba ile, akajenga hapa ukingoni mwa hori, mkono wa bahari unaoingia bara. Tulihama na mwasmini wa mama ndani ya debe, nikaupanda uani kwa mikono yangu. Kila jioni nilichuma ua moja, nikalinusa, nikamwona mama.

Fundi alimsihi baba akate mikoko. "Mzee, wajenga pwani kisha wajifungia? Maji utayaona lini, akhera?"

Baba alicheka. "Hii nimeikuta hapa, fundi. Mimi ndiye niliyepiga hodi."

Kibokoni tulikuwa na baraza na majirani. Hapa nilikuwa na kaa. Nilijua maji ya hori hupita karibu na nyumba yetu ya zamani, nikatamani kuyatazama. Basi kila baba alipokwenda kusali alasiri, nilichukua panga nikakata kidogo kidogo, mpaka nikapata mwanya. Nikaweka pale mbuzi ya mama ya kukunia nazi, nikawa naikalia. Mara nyingine niliikuta imegeuzwa upande. Nikasema ni jini, nikamsomea aya nilizozijua, zote tatu.

Likaja bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu. Maji yalipenya mwanyani, yakala udongo, yakajaa uani. Siku chache baadaye mwasmini ukanyauka kwa chumvi. Nilimwendea baba nikilia, nikakiri yote.

Alichukua kikapu. Kisha akasema, "Njoo, mamangu." Tukaingia matopeni, tukachomeka mbegu za mkoko, ndefu kama penseli, mwanya mzima.

"Na ule wa mama?"

"Ule umekwenda. Tushukuru tuliunusa."

Nilingoja kuadhibiwa miezi mingi. Sikuadhibiwa.

Mwanya ulizibika zamani, alhamdulillahi, na bamvua huishia mikokoni. Kesho, inshallah, nitambishia hodi jirani yangu nikiwa na kikapu cha mbegu, nimwombe aache sehemu iliyobaki. Huenda atanicheka.

Lakini harufu ile ilinifikirisha jambo jingine. Kaa hawezi kugeuza mbuzi ya nazi, na jini sidhani kama ana haja nayo. Baba alikuwa akirudi kutoka sala ya alfajiri, nami nimelala bado. Aliuona mwanya tangu mwanzo, akauacha, akawa akikaa pale. Ndiyo maana hakuweza kunigombeza. Tulikuwa tukitazama maji yale yale, juu ya kibao kimoja, yeye alfajiri na mimi alasiri, na hatukuwahi kukutana pale.