Filamu Iliyomjibia Msichana wa Mikate

Sina ugomvi na waigizaji. Masikini, wao waliambiwa simama hapa wakasimama, lia wakalia. Ugomvi wangu ni na yule mtengeneza filamu aliyekaa na kitabu kile mkononi, akafika kwenye kurasa bora kuliko zote, akaona hazina maneno, akadhani hazina kitu.

Kitabu chenyewe ni hadithi ya picha ya Kijapani, hizi wanazoziita manga, ya mapenzi, ndefu kweli kweli. Nilikuwa nikiisoma kwenye simu, kwa Kiingereza nilichookota miaka ile tuliyokaa ukimbizini Mombasa. Msichana anaoka mikate katika mji mdogo wa pwani. Kijana mwenye masikio makubwa huja kila asubuhi kununua mkate mmoja. Basi, ndiyo hadithi yenyewe, ukitaka kuimaliza kwa pumzi moja. Lakini mchoraji ana subira. Anaweza kukupa ukurasa mzima wa mkono unaofuta unga mezani, nawe ukamjua mwenye mkono kuliko unavyomjua jirani yako.

Nilikuwa nikiwasimulia mama na shangazi yangu, dada wa baba, kila baada ya alasiri, tukisuka ukili wa mikeka barazani kwetu Kismayu. Sisi ni watu wa Koyama. Kisiwa tulikiacha, lakini kusuka tulikuja nako, na mikono ikishaizoea miyaa, majani yetu ya kusukia, masikio hutaka kazi yao. Siku niliyowaonyesha kwamba kurasa zake huanza kulia kwenda kushoto, kama msahafu wa chuoni, shangazi akaridhika nao kabisa. "Hao wachu wana asili," akasema kwa usemi wake wa kisiwani. Tangu hapo akawa anamwombea dua yule msichana apate mume, kana kwamba anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Tulipofika pale kijana anapomwambia msichana, tuoane, twende tukaishi mji mkubwa, nikakwama. Msichana hajibu. Unafungua ukurasa, birika linachemka. Unafungua, kiatu chake kilichokatika ukanda. Dirisha. Mikono yake juu ya unga. Dirisha tena. Utasimulia nini hapo?

"Hasemi kitu, shangazi," nikasema.

"Mpaka sasa?"

"Mpaka sasa."

"Basi ruka, twende mbele."

Sikuruka. Nilisema simu imekwisha chaji, na haikuwa imekwisha. Sikuweza kuendelea kwa sababu wiki ileile nami nilikuwa nimeulizwa.

Aliyekuja kuposa ana duka la vipuri vya mashine za boti upande wa bandarini. Asili yao ni kisiwa cha Ngumi. Mtu safi, anaswali, hana maneno mengi. Nilimtafutia kasoro nisiione, na hilo ndilo lililonichosha, maana ukimkataa muovu watu watakuelewa. Ukimkataa mwema utaulizwa una nini.

Kwetu baba hamuulizi binti jambo hilo kwa kinywa chake. Hutumwa mwanamke wa makamo, na kwetu alikuwa shangazi. Aliingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaniuliza kwa upole tu, sitamsingizia. Nikanyamaza. Na hapa kwetu hata mtoto anajua: mwanamwali kunyamaa kwake ndiyo ridhaa yake. Shangazi alingoja kiasi cha mtu kumeza mate, akajifunga leso yake vizuri, akatoka. Vigelegele vilianza kabla mlango haujarudi mahali pake. Halwa ilikuwa imeshanunuliwa.

Mimi nilikuwa bado nafikiri. Nilikuwa natazama doa la maji ukutani, nikijiuliza kama nitaweza kuamka kila siku kando ya mtu ambaye sina neno baya wala zuri la kumsemea. Sikuwa nimefika popote, nikasikia ukumbini ninapongezwa.

Siku zilizofuata nilitafuta maneno ya kumwambia mama. Kukataa baada ya vigelegele ni kumvua baba nguo sokoni. Kila nilipofungua mdomo nilitoka na habari ya chumvi au ya maji. Ndipo nikasikia kwamba hadithi yangu imetengenezwa filamu, nikapumua. Katika kitabu, baada ya kurasa zile zote za kimya, msichana anafuta mikono yake na kumwambia kijana: "Sikuwa nimekubali. Nilikuwa nafikiri. Sasa nimemaliza, na siendi." Nikasema basi, mama na shangazi wataliona jambo hili kwa macho yao, na yule msichana atanisemea mimi niliyeshindwa. Ndiyo, nilikuwa mwoga kiasi hicho. Niliitegemea filamu inivunjie uchumba.

Nilichukua bajaji mpaka sokoni, kwa muuza filamu anayekutilia kwenye flashi, na alasiri ya Alhamisi nikawakalisha mama na shangazi mbele ya televisheni, ukili mapajani.

Filamu zinazotufikia huku zimefasiriwa Kisomali, na mfasiri ni mmoja. Mwanamume mmoja, mwenye sauti ya mtu anayenadi papa, ndiye anayewasemea wote. Msichana akilia, analia yeye. Bibi akikohoa, anakohoa yeye. Hilo tumelizoea, halinipi tabu. Tabu ilianza kijana alipoingia dukani.

"Masikio yake yako wapi?" shangazi akauliza.

Hayakuwapo. Walikuwa wamechukua kijana mzuri, masikio yamelala vizuri, nywele zimekaa utadhani anakwenda harusini, si kununua mkate. Ukimtazama huyo unajua msichana atampenda, hakuna kazi hapo. Yule wangu wa kitabuni ilibidi umzoee, nawe ukashtukia siku moja unamngoja. Asubuhi zake zote, za jua na za baridi, ambazo mchoraji alizichora moja baada ya moja mpaka nikajua kijana amenyoa lini, filamu ilizimaliza kwa wimbo mmoja. Wimbo ulipoisha tayari walikuwa wanapendana. Msichana mwenyewe alikuwa na kucha zilizopakwa rangi na mikono isiyo na hata chembe ya unga.

Mama, aliyeoka mikate ya mofa miaka mingi na alama za moto anazo mkononi, alicheka kwa puani. "Huyu hajaoka," akasema.

Nilikuwa nimeshachoka, lakini nikavumilia. Nikasema waharibu yote, nipate pale tu. Kijana akauliza swali lake. Nikauweka ukili chini, nikamtazama mama badala ya filamu.

Birika halikuchemka. Kiatu hakikuonekana. Ikaanza kunyesha mvua, na kitabu kizima hakina mvua hata tone. Muziki ukapanda, na msichana, kijana hata hajafunga mdomo, akasema ndiyo. Alisema mara kadhaa, asije mtu akakosa kusikia. Yule mnadi papa naye akamsemea ndiyo ya Kisomali kwa sauti yake nene: haa, haa, haa.

"Alhamdulillahi," shangazi akasema, akajipangusa macho kwa pembe ya leso. "Kumbe ndilo ulilokuwa ukituficha. Mwari wetu ameolewa. Nawe utamfuata inshallah."

"Ni uongo," nikasema.

"Uongo gani, mwanangu, na wewe umesikia?"

"Hakusema hivyo. Kitabuni alinyamaza."

"Si ndiyo hiyohiyo? Alinyamaza, akakubali."

"Hakukubali, shangazi. Alinyamaza kwa kuwa alikuwa hajamaliza kufikiri, na alipomaliza akasema hataki. Hawa wamemjibia. Wameona kimya kirefu, wamechoka kungoja, wakamjibia." Sauti yangu ilikuwa imepanda, na sikuwa nimekusudia kulia, ila nililia, kwa hasira ya kuona hata msichana wa karatasi ameshindwa kunisaidia.

Shangazi akanitazama, akaitazama filamu, akaona machozi yamezidi mambo ya filamu. Mama aliizima televisheni. Akamwambia shangazi, "Wifi, nitazamie chai jikoni." Hakuna chai iliyokuwa motoni, na shangazi alijua. Akainuka, akaenda.

"Kunyamaa ni ridhaa ya aliyeona haya," mama akasema. "Siku ile uliona haya?"

"Hapana, mama."

"Basi nakuuliza mimi. Unamtaka?"

Nikanyamaza tena. Kweli tena, baada ya kelele zote zile. Maneno niliyoyatafuta wiki nzima yalikuwa hayapo. Lakini mama hakujifunga leso. Aliuchukua ukili wangu nilioutupa, akaanza kuuendeleza pale nilipoachia, taratibu, jani juu ya jani, bila kunitazama. Nje walipita watoto wakitoka chuoni. Ukili ukarefuka. Hakukohoa, hakuuliza mara ya pili.

"Sitaki," nikasema. "Si mbaya. Lakini sitaki."

"Haya," mama akasema. "Baba yako nitamwambia mimi."

Akamwambia. Sitaki kuyaeleza ya siku zile, yananichosha hata kuyakumbuka. Baba alipita mbele yangu muda mrefu kama anayepita mbele ya mlango uliofungwa. Mtaani nilipewa majina. Mwenye duka alioa kwingine, tukikutana ananisalimu vizuri, na kusalimiwa vizuri huko kunanichoma kuliko matusi. Shangazi amenisamehe, ila anapowasimulia wanawake hadithi ya msichana wa mikate, anasimulia ya filamu, na mvua anaitia. Nimeshachoka kumsahihisha. Walioiona filamu ni wengi, na mwenye kitabu mtaani ni mimi peke yangu.

Juzi tulikuwa tunasuka, mama na mimi, wawili tu. Baba alikuwa uani, tunamsikia akipiga nyundo. Sijui nini kilinituma, nikamuuliza, "Mama, na wewe ulipoulizwa habari ya baba, ulisema nini?"

"Nilinyamaa."

"Ulikuwa umekubali?"

Mikono yake ikaendelea. Zamani ningeona nimekosa adabu, ningesema tuyaache hayo, ningeleta habari ya chumvi. Safari hii niliokota miyaa, nikaanza ukili mpya, nikangoja. Nyundo ilipiga, ikatulia, ikapiga tena. Baba alifungua mfereji akanawa. Mama alifika mwisho wa jani lake, akaunganisha jingine, akalibana kwa kidole gumba.

"Vigelegele vilipigwa upesi, mwanangu," akasema. "Hata mimi sikuwahi kulisikia jibu langu."