Mama Aliyeokoka na Gita la Ikutha

Miaka ile ya santuri, mama mwenye Biblia kwapani aliingia duka la redio mjini Kitui kununua betri, akatukuta mimi na wateja wengine, muuzaji akitupigia santuri ya mpiga gita wetu mmoja.

"Zima hiyo, mwanangu. Mimi nimeokoka."

Muuzaji akapeleka mkono kuinua sindano ya santuri. Mama akamshika kiwiko.

"Ngoja kwanza. Huyu nilimwona dansini kule Ikutha, kabla sijaokoka. Waya moja ya gita ilikatika katikati ya wimbo na hakusimama. Alipiga na zile zimebaki, tukaendelea kucheza. Sasa sikiza, hapa waimbaji wananyamaza, gita inaongea peke yake."

Tukasikiza sote, kidole chake kikigonga Biblia polepole. Santuri ikaisha yenyewe.

"Sasa zima," akasema.

Tangu hapo nimehudhuria mahubiri mengi. Sijaona mhubiri akisikizwa hivyo.