Ejok Hujibiwa Ejok

Siku ile ofisini tulikuwa wanne: mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa la kwanza, mdogo wangu wa kike na mimi. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, kwa hiyo barua ya kumwita mzazi niliiitikia mimi. Ilikuwa mwaka 2012, muda mfupi baada ya kuhama Lodwar kuja Kakuma.

"Dada, huyu mtoto wako ananiigiza," mwalimu wa darasa alisema. "Nikisema hamjambo, naye ananirudishia hamjambo. Darasa zima linacheka."

"Hamjambooo," mdogo wangu akasema, akiivuta ile o sawasawa na mwalimu, macho yakiwa kwenye kengele ya mezani.

Mwalimu mkuu aliinama kuficha kicheko. Kisha akasema, "Asipobadilika kufikia Ijumaa, akae nyumbani."

Nyumbani kulikuwa na kufuli tu. Mimi nilishinda steji ya mabasi nikiuza chai. Niliacha shule darasa la sita na sikuwahi kubishana na mwalimu, lakini siku hiyo nilibisha.

"Hakudharau, mwalimu. Kwetu Waturkana ukimwamkia mtu ejok, unajibiwa ejok. Kwa hiyo hakuna aliyemwona mkorofi. Nami simuulizi 'unataka maji?' Atanirudishia vivyo hivyo, na kiu anayo. Nasema 'nataka maji,' naye analirudia neno hilo, nami nampa maji. Mpe jibu, mwalimu."

"Nimpe jibu kabla ya swali?"

"Ndiyo."

Mwalimu wa darasa alimtazama mkubwa wake, akakohoa, akamwinamia mtoto. "Hatujambo, mwalimu."

"Hatujambo, mwalimu," mdogo wangu akasema, wazi kabisa.

"Haya," mwalimu mkuu akacheka, "leo mwalimu ameamkiwa na mwalimu."

Kesho yake mwalimu aliingia darasani na kusema, "Hatujambo, mwalimu!" Watoto wakamjibu kwa kelele, "Hamjambo, watoto!" na mdogo wangu akarudia, "Hatujambo, mwalimu!" Ijumaa ikapita, mdogo wangu akabaki kwenye dawati lake. Mwalimu akapekua vitabu vyake vya chuo, akaniletea neno moja kwenye karatasi: usonji, hali inayomfanya mtoto aongee na kuelewa kwa njia yake.

"Hili neno nililisoma," akaniambia, "lakini mtoto mwenyewe nilikuwa simwoni. Sasa nakudai. Uje uwaeleze walimu wenzangu kama ulivyonieleza mimi."

Nikamwambia nitakuja. Mimi, wa darasa la sita, nisimame mbele ya walimu!

Mwaka 2013 mwalimu huyo alihamishiwa Lodwar. Basi la kutoka huko likifika steji, dereva hunywa chai yangu na kuniambia, "Mwalimu anauliza, deni lini?"

"Mwambie nakuja," nasema. Mdogo wangu, aliyeketi kando yangu, anadakia: "Nakuja."

Yeye yuko tayari. Bado mimi.